Kwa Nini Dawa Huteleza Kwenye Jani la Kabichi

Wanaozungumza: Mtangazaji, Bwana Shamba, na Mama Mkulima, msikilizaji aliyetupigia simu akiomba jina lake na kambi yake visitajwe.

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA TARATIBU NA KUBAKI CHINI YA SAUTI)

MTANGAZAJI: Mpendwa msikilizaji, iwe uko Nyarugusu, Kakuma, Kalobeyei, Nakivale, Kyangwali au kambi nyingine yoyote, pokea salamu zetu. Sogeza redio karibu, na kama kuna jirani mwenye bustani, mwite. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wamekiona bila kujua sababu yake. Unanunua dawa ya wadudu kwa pesa uliyoipata kwa shida, unapiga bustani nzima, halafu ukitazama jani unaona dawa imejikusanya kama shanga, inabingirika, inaanguka chini. Wadudu wanabaki juu, dawa inakwenda kwenye udongo. Kwa nini? Na zile chupa ndogo za kuchanganya na dawa, ambazo dukani wengine huita gundi na wengine huita stika, zinafanya nini hasa?

(MUZIKI UNAPANDA, UNAKATIKA)

MTANGAZAJI: Swali hili tumeletewa na mama mmoja anayelima kabichi na nyanya nyuma ya nyumba yake kambini. Yuko nasi kwenye simu. Shikamoo mama.

MAMA MKULIMA: Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?

MTANGAZAJI: Hatujambo, mama. Tueleze kilichokupata.

MAMA MKULIMA: Mwanangu, nina matuta manne ya kabichi. Nikiuza, napata daftari za watoto na mafuta ya kupikia. Sasa wakaja viwavi wadogo wa kijani, wanatoboa majani mpaka yanakuwa kama chujio. Nikanunua dawa, nikapiga. Kesho yake viwavi wako palepale. Nikanunua tena, nikapiga. Hali ni ileile. Jirani akaniambia, "Ongeza dawa mara mbili na utie sabuni ya unga ya kufulia, itashika." Nikafanya hivyo. Baada ya siku mbili majani yakaanza kukauka pembeni, yakawa kahawia kama yamepitiwa na moto. Sasa nimeuziwa dawa nyingine, na muuzaji amenipa na gundi. Nataka kujua, niipige au nisiipige?

MTANGAZAJI: Pole sana mama. Usikate simu. Bwana Shamba yuko hapa studioni. Bwana Shamba, karibu.

BWANA SHAMBA: Ahsante. Mama, shikamoo na pole. Uliyoyapata wewe wameyapata wengi. Naomba nianze na jani lenyewe, kwa sababu mtu akilielewa jani, mengine yote yanaeleweka.

SEHEMU YA KWANZA: JANI LIMEVAA KOTI LA MVUA

BWANA SHAMBA: Jani halikuumbwa lipokee dawa. Limeumbwa lisipoteze maji, na lisiruhusu vijidudu kuingia. Kwa hiyo limefunikwa na ngozi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, na ngozi hiyo ina nta. Ni nta ya jamii ileile ya nta ya nyuki na mshumaa. Mama, ukipitisha kidole juu ya jani la kabichi, unaona nini?

MAMA MKULIMA: Kuna kama unga mweupe. Ukilisugua linang'aa.

BWANA SHAMBA: Huo unga ndio nta. Kitunguu kinao, mgomba unao, sukuma wiki inao, na magimbi ndiyo kabisa. Mahindi machanga nayo yana majani magumu kulowana. Maharage ni tofauti, jani lake hulowana kwa urahisi. Ndiyo maana dawa ileile, pampu ileile, mkono uleule, inashika vizuri kwenye maharage na kuteleza kwenye kabichi. Watu wanasema dawa ni feki. Kweli, dawa feki zipo, lakini mara nyingine tatizo ni jani lililovaa koti la mvua.

MTANGAZAJI: Na maji je? Kwa nini yanajikunja kuwa tone la mviringo badala ya kulala juu ya jani?

BWANA SHAMBA: Maji yanapendana. Chembe za maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu, na zile za juu kabisa zinavutwa kuelekea ndani. Hapo juu ya maji inakuwa kama kuna ngozi iliyokazwa. Ndiyo maana utamwona mdudu mdogo anatembea juu ya dimbwi asizame. Sasa, maji na nta havipatani. Tone likitua juu ya nta linajivuta, linajikunja na kugusa jani mahali padogo sana. Upepo kidogo ukipita, au jani likiinama, tone linabingirika. Na tone kubwa linaloanguka kwa kasi hudunda kama mpira na kuondoka.

SEHEMU YA PILI: KAZI YA VIONGEZI

MTANGAZAJI: Basi hapo ndipo inapoingia ile chupa ndogo.

BWANA SHAMBA: Hapo hasa. Sisi tutaviita viongezi vya dawa, maana yake kitu kisichoua mdudu wala ugonjwa chenyewe, bali kinaisaidia dawa ifike na ifanye kazi. Viongezi viko vya namna nyingi, na kosa la kwanza la wakulima ni kudhani vyote ni kitu kimoja. Nitataja vinne.

Cha kwanza ni kitandazi. Hiki ni ndugu wa sabuni. Kila chembe yake ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unayakimbia maji na kupenda mafuta na nta. Ukikitia kwenye maji, chembe hizo hujipanga juu ya tone, vichwa ndani ya maji, mikia nje. Ile ngozi iliyokazwa inalegea. Mvutano wa maji unaweza kushuka hadi chini ya nusu. Tone lililokuwa kama shanga linalala na kuwa bapa kama doa la mafuta kwenye karatasi. Tone moja sasa linafunika eneo kubwa zaidi kuliko mwanzo.

Cha pili ni kinatishi, yaani gundi yenyewe. Kazi yake ni kushikilia dawa juu ya jani ikishakauka, ili umande na mvua ndogo visiioshe. Chupa nyingi za dukani huchanganya kitandazi na kinatishi pamoja.

Cha tatu ni mafuta ya kupenyeza. Haya ni mafuta ya mimea au ya madini yaliyotengenezwa maalumu yachanganyike na maji. Yanalainisha nta, na dawa inapata njia ya kuingia ndani ya jani. Pia yanachelewesha tone kukauka.

Cha nne ni kirekebisha maji. Hiki hakigusi jani kabisa. Kinashughulika na maji uliyochanganyia. Nitakirudia.

MTANGAZAJI: Bwana Shamba, umesema dawa kuingia ndani ya jani. Je, kila dawa inatakiwa iingie ndani?

BWANA SHAMBA: Hapana, na hili ni la muhimu sana. Kuna dawa za kugusa na kuna dawa za kupenya. Dawa ya kugusa inakaa juu ya jani kama askari mlangoni. Mfano ni dawa za ukungu zenye shaba, ambazo wengi hupiga kwenye nyanya. Zinazuia ukungu kabla haujaingia. Dawa hiyo inahitaji kusambaa na kunata, basi. Ukiilazimisha iingie ndani kwa mafuta ya kupenyeza, shaba inaweza kuunguza jani. Dawa ya unga wa salfa nayo haipigwi pamoja na mafuta, wala haipigwi karibu na siku ulizopiga mafuta. Acha zipite angalau wiki mbili, la sivyo majani yataungua.

Dawa ya kupenya ni tofauti. Hiyo inatakiwa ivuke ile ngozi ya nta, iingie kwenye utomvu na isambae ndani ya mmea. Ikibaki juu na kukauka kuwa chumvichumvi, imesimama njiani. Inaingia wakati bado kuna unyevu. Ndiyo maana jua la saa sita mchana ni adui. Tone linakauka kabla dawa haijavuka.

MTANGAZAJI: Kuna wanaosema dawa huingia kupitia vile vitundu vya kupumulia vya jani.

BWANA SHAMBA: Vitundu hivyo vipo, na kwa mimea mingi vingi viko upande wa chini. Lakini tone la maji ya kawaida haliingii humo, ule mvutano wa maji unalizuia. Viko vitandazi vikali vya silikoni vinavyolegeza maji kiasi kwamba yanaweza kumiminika mpaka ndani ya vitundu hivyo. Lakini dawa nyingi hupita kwenye ile ngozi ya nta yenyewe. Dawa zinazopenda mafuta hupita kwa kuyeyuka ndani ya nta. Zinazopenda maji hupita kwenye vijia vidogo sana ambavyo hufunguka ngozi ya jani ikiwa na unyevu. Kwa hiyo asubuhi umande ukishakauka, au jioni jua likipungua, ndio wakati mzuri.

(SAUTI YA MAJI YAKIMIMINIKA KWENYE NDOO)

SEHEMU YA TATU: MAJI YA KISIMA NA MATOPE

MTANGAZAJI: Turudi kwenye maji. Kambi nyingi zinatumia maji ya kisima kirefu.

BWANA SHAMBA: Na maji ya visima virefu mara nyingi huwa maji magumu, yenye chumvi za chokaa. Utayajua kwa mambo mawili. Sufuria ya kuchemshia maji inafanya ukoko mweupe ndani. Na sabuni ya kipande haitoi povu upesi, inafanya utando wa kijivu juu ya maji. Chumvi hizo zinaweza kuishika dawa na kuifunga. Dawa ya kuua magugu ya glaifoseti ndiyo maarufu kwa hilo. Ikikutana na chokaa inapungua nguvu kabla hata haijaligusa jani. Kirekebisha maji, kwa mfano mbolea ya salfeti ya amonia, hutiwa kwenye maji kwanza kabla ya dawa hiyo, kama kibandiko cha dawa kinaelekeza hivyo.

Matope ni jambo jingine. Usichote maji ya dimbwi yenye udongo. Udongo huishika glaifoseti na kuilemaza. Maji ya kuchanganyia dawa yawe meupe. Kama ni ya mvua uliyokinga kwenye bati, hayo ni mazuri sana, kwa sababu hayana chokaa.

SEHEMU YA NNE: KABICHI ZA MAMA ZILIUNGUA KWA NINI

MTANGAZAJI: Mama, bado upo?

MAMA MKULIMA: Nipo mwanangu, nasikiliza.

BWANA SHAMBA: Mama, mara mbili za kwanza, nadhani sehemu kubwa ya dawa yako iliteleza. Mara ya tatu mambo matatu yalikutana. Dawa ilikuwa mara mbili ya kipimo. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi, chumvi na vitu vya kung'arisha nguo, ambavyo vinaharibu ile ngozi ya jani. Na sabuni hiyo ikailegeza nta, dawa nyingi ikaingia kwa mkupuo. Jani likaungua. Tena sabuni za kufulia, ya unga na ya kipande, hufanya maji kuwa na ukali wa magadi, na ukali huo huvunja baadhi ya dawa za wadudu zikiwa bado kwenye pampu. Kwa hiyo unaweza kuunguza jani na wakati huohuo ukadhoofisha dawa.

MAMA MKULIMA: Kumbe nilijichoma mwenyewe.

BWANA SHAMBA: Hukukosea peke yako, mama. Na wako wanaofikiri kiongezi kikizidi ndiyo kinafanya kazi zaidi. La. Maji yakilegea kupita kiasi, hayakai kwenye jani, yanachuruzika yote kama maji ya kuoshea vyombo. Unarudi palepale pa mwanzo. Dawa iko chini.

MTANGAZAJI: Sasa tufike kwenye swali lake. Mama, hiyo dawa mpya inaitwaje? Kibandiko kinasemaje?

MAMA MKULIMA: Kibandiko hakina. Alinipimia kwenye chupa ya soda, kwa sababu chupa nzima ni bei kubwa. Na gundi alinitilia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi.

(KIMYA KIFUPI)

MTANGAZAJI: Na umeziweka wapi, mama?

MAMA MKULIMA: Chini ya kitanda.

BWANA SHAMBA: Mama, una watoto wadogo nyumbani?

MAMA MKULIMA: Wajukuu wawili. Mmoja ana miaka mitatu.

BWANA SHAMBA: Basi mama, jibu langu ni hili. Usiipige. Na tukimaliza kuongea, kabla ya kufanya lolote, itoe pale chini ya kitanda. Mtoto wa miaka mitatu akiona chupa ya soda, anajua ni soda.

MAMA MKULIMA: Hilo sikuliwaza kabisa.

BWANA SHAMBA: Nieleze kwa nini, ili wasikilizaji wengine nao waelewe. Bila kibandiko hatujui ni dawa gani. Hatujui kipimo. Hatujui kama ni ya kugusa au ya kupenya. Hatujui kama ndani yake tayari kuna viongezi. Dawa nyingi za maji zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia kwenye maji tayari zina mafuta na sabuni yake ndani, na mara nyingi hazihitaji kuongezewa kitu. Na kubwa kuliko yote, hatujui siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kila dawa ina idadi yake ya siku. Kabichi ni chakula cha wajukuu wako na cha wateja wako. Dawa iliyopenya ndani ya jani haioshwi kwa maji, hata ukisuuza mara tano. Na ile iliyogundishwa kwa kinatishi nayo haitoki kwa urahisi, kwa sababu imewekewa gundi isitoke.

MTANGAZAJI: Aifanyie nini sasa?

BWANA SHAMBA: Asiimwage chooni, wala mtaroni, wala karibu na bomba la maji. Viongezi vya jamii ya sabuni huua samaki na vyura kwa urahisi, na dawa yenyewe ndiyo zaidi. Aifunge vizuri, aandike SUMU kwa herufi kubwa, aiweke juu, mahali panapofungwa kwa kufuli na pasipo chakula. Kisha amtafute afisa kilimo au shirika linalosimamia kilimo kambini, awakabidhi. Na tafadhali asirudie kununua dawa ya kupimiwa. Ni bora majirani watano wachange na kununua chupa moja iliyofungwa, yenye kibandiko, wakaitumia pamoja.

SEHEMU YA TANO: KAMA UNA DAWA HALALI NA KIONGEZI HALALI

MTANGAZAJI: Tuseme kikundi kimechanga, kina chupa ya dawa yenye kibandiko, na kibandiko kinaruhusu kiongezi. Wafanyeje, hatua kwa hatua?

BWANA SHAMBA: Kwanza wafanye jaribio la jani, na hili halina sumu. Wachukue jani la mmea wenyewe. Wadondoshe tone la maji matupu. Kama linalala lenyewe, huenda kiongezi hakihitajiki, na pesa imebaki mfukoni. Kama linajikunja, wachanganye maji na kiongezi peke yake kwa kipimo cha kibandiko, wadondoshe tena. Waone tofauti.

Pili, kupima. Kipimo cha viongezi ni kidogo sana. Kama kibandiko kinasema mililita 1 kwa lita 1 ya maji, pampu ya lita 16 inahitaji mililita 16 tu. Usikadirie kwa kumimina. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama, na libaki la kazi hiyo peke yake. Lisirudi kwa mtoto wala jikoni.

Tatu, mpangilio wa kuchanganya. Tia maji nusu ya pampu. Kama kuna kirekebisha maji, kianze. Dawa ya unga ifuate, ikiwa imekorogwa pembeni kwanza kwenye ndoo ya kazi hiyo. Kisha dawa ya maji. Kiongezi cha jamii ya sabuni kije mwisho, kwa sababu ukikitanguliza na kukoroga utapata povu tupu. Halafu jaza maji yaliyobaki.

Nne, jaribu kwenye mimea miwili au mitatu. Subiri siku mbili. Kama hakuna kuungua, endelea na bustani.

Tano, piga mpaka jani lilowane, na usimame kabla halijaanza kuchuruzika. Geuza bomba, upige na chini ya majani, maana vidukari, inzi weupe na utitiri hukaa huko. Kwenye mahindi yenye viwavijeshi vamizi, elekeza katikati kwenye kikombe cha mmea, maana kiwavi amejificha ndani. Na kantangaze kwenye nyanya anakaa ndani ya jani lenyewe, anachimba njia. Dawa ya kugusa haimfikii akishaingia, hata uitie gundi ya namna gani.

Sita, usipige kwenye upepo, wala mvua ikiwa imefunga. Kinatishi kinasaidia dawa ikishakauka, hakiwezi kuzuia mvua inayonyesha baada ya dakika chache. Usipige mimea iliyochanua wakati nyuki wako kazini. Subiri jioni.

MTANGAZAJI: Na ngozi ya mpigaji?

BWANA SHAMBA: Umeuliza jambo kubwa. Kitu kinachoisaidia dawa kupita kwenye ngozi ya jani kinaweza kuisaidia pia kupita kwenye ngozi yako. Mtu asidhani gundi ni kitu kisicho na madhara kwa kuwa haiui wadudu. Kuna dawa za magugu ambazo, mtu akizinywa, ile sabuni iliyo ndani yake inamdhuru kuliko dawa yenyewe. Vaa mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vilivyofunika, na glavu za mpira. Kwenye kupima na kuchanganya, linda macho. Ukimaliza, oga, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Ikimwagika kwenye ngozi, vua nguo upesi na osha kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi muda huohuo wa dakika 15. Mtu akinywa, usimtapishe. Povu na mafuta vikirudi juu vinaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua. Mkimbize zahanati, na uende na chupa au kibandiko mkononi, ili daktari ajue anatibu nini.

MTANGAZAJI: Na chupa tupu? Kambini chupa na dumu ni mali.

BWANA SHAMBA: Hii si mali. Isuuze mara tatu, maji hayo uyatie kwenye pampu na kuyapiga bustanini, kisha itoboe ili mtu mwingine asiitumie. Dumu la dawa haliwi dumu la maji wala la mafuta ya kupikia, hata ulioshe kwa mchanga.

SEHEMU YA SITA: BUSTANI NDOGO, SABUNI NA MWAROBAINI

MAMA MKULIMA: Bwana Shamba, sasa nifanyeje? Viwavi wananila, na dawa umenikataza.

BWANA SHAMBA: Mama, kwa matuta manne bado una silaha. Ya kwanza ni mikono. Asubuhi na mapema, pindua majani, ponda mayai, okota viwavi. Matuta manne ni kazi ya nusu saa, na wajukuu watakusaidia kwa furaha.

Ya pili ni mwarobaini, kama upo karibu. Ponda mbegu zake zilizokaushwa, loweka kwenye maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa. Hapo unaruhusiwa kutia sabuni kidogo, na sasa unajua kwa nini. Inalaza tone juu ya nta ya kabichi, na inasaidia mafuta ya mwarobaini yachanganyike na maji. Piga jioni, kwa sababu jua huivunja dawa ya mwarobaini upesi. Usitegemee viwavi wafe palepale. Wanaacha kula kwanza, halafu wanadumaa.

Ya tatu ni sabuni yenyewe kwa wadudu laini kama vidukari. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kwa lita moja ya maji. Inamuua mdudu kwa kumgusa ikiwa bado mbichi. Ikikauka imekwisha kazi. Kwa hiyo lazima imlowanishe yeye mwenyewe. Jaribu majani machache kwanza, na suuza mmea kwa maji safi baada ya saa chache. Kwa viwavi wako haitasaidia sana, mama, ila kwa vidukari inatosha.

Na kwa wenye maji magumu, sabuni ya kipande itaganda na chokaa na kuziba pampu. Tumieni maji ya mvua.

MTANGAZAJI: Naomba niongeze moja, Bwana Shamba. Sabuni ya mgao ni ya kunawa mikono na kuoga kwanza. Bustani isimnyang'anye mtoto sabuni ya kunawia.

BWANA SHAMBA: Hapo umesema kweli. Vijiko viwili vinatosha. Zaidi ya hapo unaunguza jani na unamaliza sabuni ya nyumba.

MTANGAZAJI: Mama, una neno la mwisho?

MAMA MKULIMA: Nashukuru. Chupa nimeshaitoa pale, wakati Bwana Shamba anaongea. Nimeiweka juu ya boriti kwa sasa, mpaka nipate kufuli kwa jirani. Kesho asubuhi nitampelekea afisa kilimo. Na yule jirani aliyeniambia sabuni ya unga, nimemwita, amekaa hapa, amesikia yote.

MTANGAZAJI: (ANACHEKA) Msalimie sana, mama. Naye alitaka kukusaidia.

(MUZIKI WA KUFUNGIA UNAINGIA CHINI CHINI)

MTANGAZAJI: Mpendwa msikilizaji, tukumbushane. Jani lina nta, na maji peke yake hayapatani na nta. Kitandazi kinalaza tone, kinatishi kinashikilia, mafuta yanapenyeza, kirekebisha kinatengeneza maji. Si kila dawa inavihitaji, na si kila dawa inavivumilia. Kibandiko ndicho kinachosema. Dawa isiyo na kibandiko haina wa kuisemea, basi isiingie nyumbani kwako wala bustanini kwako.

Kwa vikundi vya wasikilizaji, hapa chini kuna maswali ya kujadiliana baada ya kipindi. Mpaka wiki ijayo, sisi tunawatakia heri na mavuno mema.

(MUZIKI UNAPANDA NA KUISHA)

MASWALI YA KIKUNDI

1. Leteni majani ya mimea mitano mnayolima. Dondosheni tone la maji safi kwenye kila moja. Ni yapi yanalaza tone, na ni yapi yanalikunja?

2. Maji ya bomba mnalotumia ni magumu au laini? Mmejuaje?

3. Katika mtaa wenu, dawa za kupimiwa huuzwa kwenye chupa gani? Watoto wanaweza kuzidhania ni kitu gani?

4. Kaya ngapi kati yenu zinaweza kuchanga na kununua chupa moja yenye kibandiko? Nani ataitunza, na kufuli litakuwa kwa nani?

5. Kama mtu akinywa dawa usiku, zahanati iliyo karibu ni ipi, na nani ana njia ya kumfikisha?